Mtoto Asiyejali Shubiri

Mwosha maiti alitoka chumbani, akasimama mlangoni na leso kajifunga kiunoni, akatuuliza sisi wanawake tuliokaa mkekani ukumbini kama marehemu ana binti. Aliuliza kama watu wa kazi ile wanavyouliza, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu maji yalikuwa tayari na alitaka mtu wa karibu wa kumshikia marehemu kichwa. Marehemu alikuwa wifi yangu Zuhura, dada mkubwa wa mume wangu, na kila aliyekuwa ukumbini mle, huko Jomvu Kuu, alijua kwamba Zuhura hakujaliwa kuzaa. Wanawake wakatazamana. Mimi nikainamia mkeka, maana swali lile nilikuwa nimelikimbia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa limenikuta nimekaa, magoti yananiuma, na mlango uko mbali. Kando yangu alikaa binti yangu Maimuna, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, amenishika mkono akidhani ninatetemeka kwa majonzi. Majonzi yalikuwapo. Lakini kilichokuwa kikinitetemesha ni woga, na nilimjua woga ule kama ninavyomjua mtu wa nyumbani.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akapoteza wakati kunitafutia ushujaa. Wanangu wananicheka, na wana haki yao. Maimuna, kabla hajamwonjesha mwanawe kipande cha parachichi, husoma kwanza kwenye simu, akamuuliza daktari, akamuuliza na mwenzake wa kazini, kisha hunipigia mimi kunijulisha uamuzi. Sisi hatukuwa na maamuzi. Tulikuwa na mavyaa, na majirani, na hofu, na hao watatu ndio waliomlea mtoto. Mimi niliogopa paka, niliogopa sufuria ya uji, niliogopa mdomo wa kisima, niliogopa mgeni anayemsifu mtoto akasahau kusema mashallah. Nilikuwa nikimpaka Maimuna wanja kipaji cha uso kizima hata akaonekana ametoka kuchochea tanuri. Mume wangu Bakari, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba siku nikitiwa peponi nitauliza kwanza kama ngazi zake zina pa kushika. Nami nilicheka, kwa sababu ningeuliza kweli. Lakini mwaka ninaoukumbuka hapa, mwaka Maimuna alipotimiza miwili, katikati ya miaka ya themanini, hofu yangu haikuwa ya paka wala kisima. Nilimwogopa mtu, tena mtu niliyempenda.

Tulikuwa tukikaa Mtongwe, upande wa Likoni, katika nyumba ya mavyaa wangu, mamake Bakari. Vyumba vinne, ukumbi katikati, paa la makuti, na uani palikuwa na jiko na kisima na banda la kuogea. Maimuna alipozaliwa, Zuhura alikuja kutoka Jomvu Kuu na furushi lake la nguo, akakaa nami siku zote arobaini. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akanipikia uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia, akamwogesha mtoto, akamlaza kifuani mwake mchana ili nami nipate lepe la usingizi. Siku ya arobaini wanawake wa mtaa walijaa ukumbini, mtoto akatolewa, akapitishwa mkono kwa mkono huku akilia kila mkono unaompokea, mpaka akamfikia Zuhura. Hapo akanyamaza. Zuhura akamlaza kifuani mwake. Mimi nilikuwa nimeshiba, nimefukizwa udi, mwili haunisumbui tena, na ninampenda kila kiumbe. Nikajisikia nikisema mbele ya wote, "Huyu ni mwanao, wifi. Akiacha ziwa, mchukue."

Jambo lenyewe halikuwa geni. Katika jamaa zetu mtoto kulelewa na shangazi asiye na mtoto lilikuwa jambo la kawaida kama kuazima kinu. Mavyaa akasema inshallah, wanawake wakaitikia amin, mmoja akapiga kigelegele, na ikawa imepita. Wala sikusema kwa adabu tu, nilikusudia. Miaka miwili ilikuwa mbali mno, na moyo wangu ulikuwa umejaa, nami sikujua bado kwamba moyo uliojaa haufai kuachiwa uzungumze peke yake. Zuhura hakusema asante. Aliinama akamnusa mtoto utosini, muda mrefu, kisha akanirudishia.

Kilichoanza kuniingiza hofu si Zuhura, ni mume wangu. Bakari mwenyewe alilelewa na shangazi yake tangu alipoacha ziwa mpaka alipobaleghe, na wala hakuona ajabu. "Mimi nililelewa na shangazi, na nimekuwa mtu," alikuwa akiniambia asubuhi anapofunga viatu kwenda ghalani Changamwe, ambako alikuwa karani. Kweli, alikuwa mtu, tena mtu mzuri. Lakini nilianza kumtazama. Bakari alikuwa akipita uani kwa mamake mzazi, chakula kinanukia, njaa inamsumbua, na hafunui kifuniko cha sufuria mpaka aambiwe. Alikuwa akifika mlangoni mwa chumba cha mamake, mlango uko wazi, pazia limefungwa pembeni, mamake anamwona, naye anasimama pale pale na kubisha hodi. Wanangu wakubwa, watoto wa kiume, walikuwa wakimvamia bibi yao kitandani na miguu yenye mchanga. Baba yao, aliyetoka tumboni mwa mwanamke yule, alikuwa akibisha hodi. Nililiona hilo siku moja nikiwa nimemshika Maimuna kiunoni, na tangu siku hiyo kila nilipomsikia Bakari akisema hodi nilimvuta Maimuna karibu nami.

Zuhura alikuwa akija kila baada ya wiki mbili au tatu, siku ya Ijumaa, na kikapu cha mihogo au ndizi za shambani kwao, na gauni. Alikuwa na cherehani, na gauni lake lilikuwa daima limemzidi Maimuna kidogo, kwa sababu alilishona kwa mtoto wa mwezi ujao. Kabla hajaondoka alitoa mfukoni uzi wenye mafundo, akampima Maimuna mabega, akampima kutoka shingoni hadi magotini, akafunga fundo jipya. Mtoto alicheka, uzi ukimtekenya. Mimi nilikuwa nikiyahesabu yale mafundo kama mtu anayesikia nyayo zinakuja. Na siku moja, katika mwezi ule Maimuna alipotimiza miaka miwili, nilikuwa chumbani nikimlaza, pazia limeshuka, nao mavyaa na Zuhura wako ukumbini wanachagua mchele.

"Yuwala nini siku hizi?" Zuhura aliuliza.

"Kila kitu. Jana kala mahamri mawili na mbaazi, kisha akenda kunyonya, kama mtu anayeshushia chai."

"Basi ziwa la nini?"

"La mamake hilo, si la mtoto," mavyaa akasema, na wote wawili wakacheka. Kisha nikasikia mchele ukitikiswa kwenye uteo, na sauti ya Zuhura ikashuka. "Usimharakishe, mama. Nimengoja miaka mingi, sitashindwa na miezi michache. Lakini chumba nshakitia chokaa. Na kitanda, seremala keshanipa siku."

Nililala pale kitandani, mtoto ananyonya, nikitazama makuti. Nilijua chumba anachosema. Kilikuwa kile kidogo cha nyuma, chenye dirisha la kuelekea minazini, na nilimwona Maimuna ndani yake, amelala kwa mkao ule ule, mkono mmoja juu ya kichwa, na mtu mwingine akimfunika. Sikuona mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitisha. Zuhura angempenda kuliko nilivyoweza mimi mwenye watoto watatu na nyumba ya kufagia, na mwanangu angekuja Mtongwe siku za sikukuu, amevaa vizuri, ananukia vizuri, akasimama kwenye pazia langu na kubisha hodi.

Wiki iliyofuata mavyaa alirudi kutoka dukani na kipande cha shubiri kimefungwa kwenye gazeti. Asiyejua shubiri namwambia hivi: ni kitu cheusi kama lami iliyokauka, na ukikiyeyusha kwa maji kijiko kimoja, uchungu wake unabaki mdomoni mpaka kesho. Mama hupakwa kwenye chuchu, mtoto akija akionja mara mbili tatu hukata tamaa, na kazi imekwisha. Wote tuliachishwa hivyo. "Mwanaisha," mavyaa aliniita kutoka uani. "Abee, mama," nikaitika. Akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanipaka kwa mkono wake mwenyewe, huku akisoma bismillahi, kisha akaenda zake kuchambua mchicha. Nami nikaingia bandani kuoga. Nilikuwa na kata ya maji na nusu ya ndimu. Nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, nikajinusa, nikajilamba kidole, nikajisugua tena. Nikatoka, nikakaa ukumbini mbele ya watu, nikamwita Maimuna. Akaja mbio, akanyonya kwa raha zake, na mguu akautupa juu.

Mavyaa aliacha mchicha. Akaja akasimama mbele yetu, mikono inadondosha maji, akamtazama mjukuu wake kwa muda. "Mtoto huyu ulimi wake umeumbwa na nini?" akasema. Kesho yake akapaka maradufu, nami nikasugua maradufu. Akajaribu pilipili, akajaribu majani ya mwarobaini yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi. Maimuna akanyonya. Siku ya tano mavyaa alivaa buibui, akarudi dukani kumgombeza mwenye duka kwamba anauza shubiri ya uongo. Yule bwana, kulinda jina lake, akavunja kipande mbele ya wateja akakitia mdomoni, na kwa mujibu wa walioshuhudia hakuweza kusema neno mpaka alipoletewa maji mara ya pili. Habari ikaenea Mtongwe nzima. Wanawake walikuwa wakipita uani kwetu kumwona mtoto asiyejali shubiri. Wengine walisema ni baraka, atakuwa mtu wa subira. Mmoja akasema wanja haumtoshi mtoto wa namna hiyo, aandikiwe hirizi. Nilicheka pamoja nao, na mpaka leo nikikumbuka uso wa mavyaa akitoka kwenda dukani nacheka. Lakini wakati ule, jioni, mavyaa akiwa kwenye msala wake, sikuweza kukaa alipo. Nilidhani ataomba Mungu amwonyeshe kilichomo ulimini mwa mtoto, na Mungu atamwonyesha kata na ndimu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi minne. Mtu akisikia atafikiri ni mchezo, na kwa kweli jinsi nilivyokuwa nikifanya ilikuwa michezo mitupu: kujifanya nina mafua ili nisikike nikipenga bandani na maji yasisikike, kuficha ndimu ndani ya kanga, kumwambia mwanangu mkubwa kwamba mama anaoga sana kwa sababu ya joto. Lakini nilikuwa nimeahidi mbele ya watu na mbele ya Mungu, na sasa nilikuwa nikimdanganya mwanamke aliyenikanda siku arobaini. Maimuna akijikwaa, nilisema ndiyo hiyo adhabu. Akikosa hamu ya kula, nilisema inakuja. Masika yalipoanza, mtoto akashikwa na homa, nikajua nimepatikana. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa, tukarudi naye amelegea begani kwangu kama nguo mbichi. Niliona wazi kabisa, kama mtu anavyoona kilicho mbele yake, kwamba nilimnyima Zuhura mtoto, basi tutanyimwa sote wawili. Sijapata kuogopa hivyo tena, hata siku Bakari alipoanguka. Bakari alikwenda Jomvu kumpa dada yake habari, na jioni ile ile Zuhura alifika na nguo zimelowa mvua, hakubadili, akaenda moja kwa moja kitandani.

Alikaa siku sita. Homa ilishuka siku ya tatu, na ya tano Maimuna alikuwa akifukuza kuku uani. Siku hiyo, mchana baada ya adhuhuri, mavyaa alikwenda kwenye hitima ya jirani, tukabaki jikoni mimi na Zuhura. Yeye alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mimi nilikuwa nikichuja tui. Bakuli la shubiri lilikuwa rafuni, limefunikwa kwa kisahani. Zuhura akainuka, akalishusha. "Ndiyo shubiri yenyewe hii iliyovuma mpaka kwetu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akachovya kidole akakilamba, akafumba jicho moja, akatema kwenye majivu. Kisha akamwita Maimuna. Mtoto akaja, akapanda mapajani kwa shangazi yake, na Zuhura akachovya ncha ya kidole, akamgusa mdomoni, kidogo tu, kama anayempaka mafuta.

Maimuna alitulia kidogo. Halafu uso wake wote ukajikusanya, akatoa ulimi nje, akaanza kuufuta kwa gauni, kwa mikono, kwa leso ya Zuhura, na kilio kikatoka kilichowashtua kuku. Zuhura alimtia machicha ya nazi na sukari kinywani, akampembeza, akambusu, akamwambia pole mama, pole, mpaka akanyamaza. Kisha akainua macho akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika kung'uto. Nilingoja aseme. Alinitazama muda mrefu kama alivyomnusa mtoto siku ya arobaini, na alichosema ni hiki: "Wifi, tui lako lamwagika."

Nikatazama chini. Kweli, tui lilikuwa likimwagika mguuni pangu, nami sikulisikia.

Tulikula wali wa nazi jioni ile, sote, kwenye sinia moja wanawake na watoto. Nilijua atasema. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyelianzisha, akauliza mtoto akipona watajaribu dawa gani sasa. Zuhura akamega samaki, akamtolea Maimuna miiba, akasema, "Muacheni, mama. Katoka kuugua juzi tu. Tungoje hata baada ya Idi." Mavyaa akakubali. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilizidi kuogopa, kwa sababu mtu aliyejua siri yangu amenipa muda, na sikuelewa ananipa kwa nini. Kesho yake alikwenda zake kwao, na alipompima mtoto kwa ule uzi hakufunga fundo.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia, ukatoka. Mwezi mzima nilifunga, na kila nilipofunga kinywa kwa chakula niliona ninakifungua kwa uongo. Mavyaa hakupaka tena shubiri, kwa hiyo hapakuwa na cha kuosha, na nilipata nafasi ya kujiangalia. Nikaona kwamba hofu ya kumpoteza Maimuna nimeizoea, lakini macho ya Zuhura juu ya lile tui sikuweza kuyazoea. Siku ya tatu baada ya Idi niliamka, nikashusha bakuli rafuni mwenyewe, nikajipaka. Nilikaa ukumbini. Maimuna akaja mbio, mguu tayari juu. Sitaeleza sana siku tatu zile. Mara ya kwanza alinitazama usoni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alirudi mara nyingine na nyingine akijaribu, kwa adabu, akinusa kwanza, na siku ya tatu alikuja akaweka shavu tu, bila kufungua mdomo, akalala. Nikalia mpaka mavyaa akaja kunifariji, akaniambia hata yeye alilia kwa Bakari. Halikunifariji hilo hata kidogo. Kisha nikamwambia Bakari apitie Jomvu, amwambie dadake kwamba mtoto ameacha.

Zuhura alikuja Ijumaa na gauni la manjano. Mara hii lilikuwa la kumkaa sawasawa. Nilimfungia Maimuna kibunda, nguo, kijikombe chake, kipande cha kanga yangu ambayo haikufuliwa, nikamwambia anakwenda kutembea. Aliondoka amekaa kiunoni kwa Zuhura, akinipungia mkono, hata hakugeuka mara ya pili. Nilirudi ndani nikafagia ukumbi uliokwisha kufagiliwa. Siku saba zile nilimsikia kila pahali. Nilimwekea sahani nikaitoa. Bakari, ambaye kila siku alisema amekuwa mtu, siku ya nne alirudi kutoka kazini na kipande cha halua mfukoni, akakumbuka, akakila mwenyewe kibarazani amenipa mgongo.

Siku ya nane, asubuhi, nilikuwa uani nikipuliza jiko niliposikia mlango wa mbele. Zuhura alikuwa ameingia na Maimuna amelala begani kwake, gauni la manjano, miguu inaning'inia. Alikuwa peke yake, hana kikapu. Akampita mavyaa kwa shikamoo fupi, akaja mpaka nilipo, akanikalishia mtoto mapajani. Nikampokea bila kufikiri, kama mtu anavyodaka kitu kinachoanguka.

"Ana nini?" nikauliza. "Kaugua?"

"Hana kitu. Mzima, yuwala, yuwacheza. Mimi ndiye siwezi." Akakaa kwenye kibao, akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Wallahi, wifi, siku saba sikulala. Akikohoa naondoka. Akigeuka naondoka. Akinyamaza ndipo naogopa zaidi, naenda kumwekea mkono puani. Nimefunga madirisha yote, mume wangu asema nyumba ni tanuri. Wewe waishije na hofu hii?"

"Naishi nayo tu," nikasema.

"Basi ni yako. Mungu kakupa kifua chake. Mimi hakunipa." Akasimama. Mavyaa alikuwa amefika mlangoni anasikiliza, na Zuhura akasema kwa sauti ili naye asikie, "Ahadi yake kaitimiza. Nimepewa, nimepokea. Sasa namrudisha kwa hiari yangu, asije mtu akamnyooshea kidole." Akanywa maji, akakataa mahamri, akaondoka. Nami nikashukuru kwa moyo wangu wote kwamba wifi yangu ni mwoga kuliko mimi. Kwa miaka yote iliyofuata hiyo ndiyo ilikuwa hadithi nyumbani kwetu, tukicheka naye akicheka: jinsi shangazi Zuhura alivyoshindwa na mtoto mmoja kwa wiki moja. Maimuna alikua akiijua kama kichekesho. Aliambiwa alikwenda kutembea. Ahadi hakuambiwa, kwa sababu mimi niliogopa kumwambia, na wengine waliniachia mimi.

Naam, nirudi ukumbini Jomvu Kuu, kabla mwosha hajatoka na swali lake. Tulikuwa tunangoja maji, na jirani wa Zuhura, Bi Riziki, mwanamke mzee aliyeishi ukuta kwa ukuta naye tangu ujana, alimtazama Maimuna akamuuliza kama ndiye yule mtoto wa gauni la manjano. Maimuna akatabasamu akasema ndiye, yule aliyemnyima shangazi yake usingizi.

"Usingizi?" Bi Riziki akasema. "Nani alokwambia? Wiki ile Zuhura alilala, mwanangu, mpaka jua lapanda. Madirisha yake wazi yote mawili, twawasikia mpaka kwetu mwacheka. Mimi ndiye nlokuwa nikija kuwaamsha chai isipoe. Ile siku ya nane kaniambia, 'Riziki, namrudisha. Mamake aliosha shubiri miezi minne kwa mtoto huyu. Siwezi kumvisha gauni juu ya jambo kama hilo.' Sikuelewa shubiri gani iliyooshwa. Alipokurudisha hakufungua dirisha siku tatu."

Maimuna alinigeukia aniulize ni shubiri gani. Mimi nikatazama kando. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umeegeshwa nusu, na kwa ndani nilikiona kitanda kidogo cha seremala, kimewekewa nguo zilizokunjwa na juu yake kifuniko cha cherehani. Zuhura alisema uongo mmoja maishani mwake ninaoujua mimi, na aliusema ili wangu usionekane. Alijivika woga usiokuwa wake, akauvaa miaka thelathini na kitu mbele ya watu, tukimcheka. Hapo ndipo mwosha alipotoka, leso kiunoni, akauliza kama marehemu ana binti.

Mtu mmoja nyuma alianza kusema, "Masikini, hakujaliwa," na nilijua nikikaa kimya sekunde moja zaidi itapita, kama ilivyopita siku zote. Niliogopa Maimuna atanitazamaje. Niliogopa atanihesabia miaka. Niliogopa, kwa umri huu, kwamba nikimtoa sitarudishiwa. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Anaye. Binti yake ni huyu. Nilimpa akiwa na siku arobaini, mbele ya watu."

Maimuna aliuachia mkono wangu. Alinitazama, akamtazama Bi Riziki, akanitazama tena, na sikuyakwepa macho yake. Alivua saa na bangili akanipa nimshikie, akajifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya wanawake mpaka kwenye mlango wa chumba cha Zuhura. Mwosha alimpisha. Maimuna akalisogeza pazia, akaingia bila kubisha hodi.